KUMWACHIA MUNGU SI KUMWACHIA MWENYE NGUVU



Liko neno moja lisilokosekana vinywani mwetu jirani anapofikwa na jambo zito. Mjane aliyetolewa katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe huambiwa: mwachie Mungu. Mkulima ambaye shamba lake limepimwa na kuwekewa alama, na malipo yake hayajaonekana, huambiwa vivyo hivyo. Mzee aliyezunguka ofisi moja hadi nyingine akidai haki yake mpaka soli za viatu zikaisha, naye hupewa neno lilo hilo. Ni neno jema, na wengi hulitamka kwa huruma. Hata hivyo, Tume ya Haki na Amani haina budi kuuliza: tunapomwambia mnyonge amwachie Mungu, ni Mungu kweli anayeachiwa, au ni yule aliyechukua?

Swali hili halikusudii kudharau ibada. Kuacha ni mojawapo ya njia kongwe za maisha ya Kikristo, na kila mwaka, wakati wa Kwaresima, Mama Kanisa hutualika tuifuate kwa kufunga, kusali na kutoa sadaka. Lakini njia hii ikifundishwa vibaya yaweza kugeuka kuwa mzigo wa maskini peke yao. Hivyo basi, yatupasa tujue kuacha kunakotakiwa na Injili ni kupi, kunamhusu nani kwanza, na kunafanyika namna gani hapa Madimba na katika vijiji vyetu vya pwani hadi mdomo wa mto Ruvuma.

KUACHA KATIKA MAANDIKO MATAKATIFU

Hekima ya wahenga wetu haipendi sana kuacha. Walituonya kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba tusiache mbachao kwa msala upitao. Walikuwa na sababu, kwa maana mtu anayetupa hovyo alicho nacho hujikuta mikono mitupu. Lakini wazee hao hao walijua pia kwamba kuna wakati wa kuacha. Katika jando, kijana aliacha jina lake la utotoni akapewa jipya. Kibanda walimokaa kilichomwa moto, na vijana wakakatazwa kutazama nyuma. Mtoto asiyeacha utoto hawezi kuwa mtu mzima.

Ndivyo Maandiko yanavyofundisha. Abrahamu aliiacha nchi ya baba yake. Simoni na Andrea waliacha nyavu. Yakobo na Yohane waliacha mashua pamoja na baba yao Zebedayo. Sisi tuishio kando ya bahari tunajua uzito wa maneno hayo kuliko wengi wayasomao mijini. Wavu si kamba tu. Ni mtaji, ni chakula cha watoto, na mara nyingi ni deni ambalo bado halijalipwa. Mitume hawakuacha takataka. Waliacha vitu vyema kwa ajili ya kilicho bora zaidi. Wala hawakunyang'anywa. Waliitwa, wakasikia, wakaitika kwa hiari.

Juu ya wote yuko Bwana wetu mwenyewe. Mtume Paulo, katika barua kwa Wafilipi sura ya 2, anatukumbusha kwamba Kristo, ingawa alikuwa na hali ya Mungu, hakuung'ang'ania utukufu huo bali alijishusha akawa mtumishi. Tuangalie vema jambo hili. Aliyeachia wa kwanza ndiye aliyekuwa navyo vyote. Kuacha kwa Kikristo kulianzia juu kukashuka chini.

NANI ALIYEAMRIWA KUACHIA?

Tukiyafuata Maandiko kwa makini tutaona kwamba amri ya kuachia, mara nyingi, huelekezwa kwa yule aliyeshika. Kijana tajiri wa Injili ya Marko sura ya 10 ndiye aliyeambiwa auze alivyo navyo awape maskini, naye akaondoka na huzuni. Zakayo, mtoza ushuru, aliposhuka katika mti hakuishia kuungama kwa maneno. Alitoa nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Katika kitabu cha Walawi sura ya 25, mwaka wa Jubilei ulipofika, aliyepata shamba la mwenzake kwa sababu ya shida ya mwenzake alitakiwa kulirudisha. Hakuna mahali katika sheria ile ambapo maskini aliambiwa amalizie kutoa kidogo alichobakiza.

Kinyume chake, tunaye Nabothi, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, tena kwa ahadi ya fidia: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kuuachia urithi wa baba zake. Je, Mungu alimkemea kwa kung'ang'ania mali ya dunia? La, hasha. Mungu alimtuma nabii Eliya kumkemea mfalme, ambaye mkewe alikwisha kumwua Nabothi kwa ushahidi wa uongo.

Tunaye pia mjane wa Injili ya Luka sura ya 18, aliyemwendea kadhi dhalimu siku baada ya siku mpaka akapewa haki yake. Bwana wetu alimtoa mjane huyo kuwa mfano wa kusali bila kukata tamaa. Hakumwambia arudi nyumbani akamwachie Mungu. Kule kwenda kwake mahakamani bila kuchoka ndiko kulikofananishwa na sala.

Basi, kuna kuacha na kuna kuachishwa. Kuacha ni tendo la mtu huru mbele ya Mungu. Kuachishwa ni kunyang'anywa, hata kama mnyang'anyi ana muhuri na karatasi. La kwanza ni fadhila. La pili ni dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa fadhila kwa sababu aliyedhulumiwa amekaa kimya.

MAMBO TULIYOYAONA KATIKA PWANI HII

Watu wa Mtwara wameachishwa mara nyingi. Baada ya vita vya ukombozi kuanza Msumbiji mwaka 1964, maelfu ya ndugu zetu walivuka Ruvuma wakiacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao. Zaidi ya nusu karne baadaye, vita vingine katika jimbo la Cabo Delgado vikatufikia. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Na mwezi Machi 2021 mji wa Palma ulipovamiwa, watu walikimbia na nguo walizovaa. Mtu aliyeacha chungu jikoni hahitaji mahubiri juu ya kuacha mali. Anahitaji mlango ufunguliwe. Kwaresima ya mtu huyo ni sisi tulio na nyumba ndio tunaopaswa kuifunga, kwa kuacha hofu na kuachia nafasi.

Wazee wetu wanakumbuka pia miaka ya 1970, wananchi walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu, na kweli vijiji vingi vilivipata. Lakini wengi walihamishwa mbali na mikorosho yao. Msimu wa 1973/74 Taifa lilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, zikiwemo bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga. Hata hivyo umbali kati ya mkulima na mti wake ulikuwa miongoni mwa sababu hizo. Palizi haifanywi na mtu anayelala mbali na shamba.

Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, nayo kwa miaka mingi ikalala chini ya miguu yetu. Mwaka 2012 ilipotangazwa kwamba bomba litajengwa kuipeleka Dar es Salaam, kilio cha "gesi haitoki" kikasikika Mtwara nzima. Mwezi Januari na mwezi Mei 2013 kilio hicho kikageuka kuwa moto: watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikateketea. Mwezi Oktoba 2015 kiwanda cha kusafisha gesi hapa Madimba, pamoja na bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, vilizinduliwa rasmi.

Tuseme nini juu ya jambo hilo kwa mwanga wa Injili? Kwanza, Kanisa hufundisha kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya watu wote. Gesi haikuwekwa na mkono wa mtu wa Madimba, wala wa mtu wa Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, kuwagawia Watanzania wenzetu ni jambo jema, na moyo unaosema "ni yangu peke yangu" wahitaji kuongoka. Pili, kugawana ni kitendo cha pande mbili. Kiwanda hakijengwi hewani. Ardhi ilikuwa na minazi, mikorosho na mihogo, na kila mche ulikuwa na mwenyewe. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya mtu juu ya mali yake na kutaka fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na isiyocheleweshwa. Hizo si hisani. Mwananchi aulizaye hesabu ya mikorosho yake, au akiulizia manufaa ya gesi kwa zahanati na shule ya kijiji chake, hajakosa utii wala roho ya kuacha. Anafanya kama mjane wa Luka.

Tatu, kudai haki kwa kuchoma nyumba ya jirani ni kupoteza haki yenyewe. Nyumba zile zilizoteketea mwaka 2013 zilikuwa za watu, na waliokufa walikuwa wana wa mama zao. Hasira nayo ni kitu cha kuachwa, lakini haiachiki kwa amri. Huachika mtu anaposikilizwa.

WALIOACHIA KWA HIARI

Tusidhani kwamba mfano wa wenye nguvu kuachia hauwezekani. Upo, tena karibu nasi. Abasia ya Ndanda ilikuwa na madaraka ya kijimbo tangu mwaka 1931, na Abati wake alikuwa ndiye mchungaji wa eneo hili. Mwaka 1972 madaraka hayo yalikoma. Abati-Askofu Viktor Hälg akaachia uongozi, likaundwa Jimbo la Mtwara chini ya askofu mzalendo, Maurus Libaba. Wamonaki hawakuondoka kwa hasira wala hawakuifunga hospitali yao. Waliachia madaraka wakabaki na utumishi. Ndugu zetu Waanglikana nao wana mfano wao: Askofu Trevor Huddleston aliliacha Jimbo la Masasi mwaka 1968, akapokewa na mzalendo, Hilary Chisonga.

Naye Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere aliachia uwaziri mkuu mwezi Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, ili akaimarishe chama. Na mwaka 1985 akaachia urais kwa hiari yake. Kwake yeye Kiswahili kilipata neno "kung'atuka", lililotoka katika lugha yake ya Kizanaki. Ni katika uongozi wa mtu huyo huyo ndipo wananchi walipohamishwa na mikorosho yao ikabaki porini. Hatusemi hili ili kumpunguzia heshima. Twalisema kwa sababu linatufundisha: alichokiachia yeye mwenyewe kwa moyo huru kimezaa matunda hadi leo, bali walichoachishwa wengine bila kuulizwa kiliacha magugu.

Hata mataifa yanaweza kuachia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1994 ya kuandaa Jubilei Kuu ya mwaka 2000, aliomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana au yafutwe. Mwezi Novemba 2001 nchi yetu ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na mwaka huo huo ada ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakajaa watoto. Aliyeachia hapo alikuwa mkopeshaji, kama Walawi 25 inavyoagiza.

KUACHIA KINYONGO

Sasa tumgeukie aliyedhulumiwa, kwa maana naye ana kitu cha kuachia, lakini kwa wakati wake na kwa namna yake. Kitu hicho ni kinyongo. Mtu aweza kupewa fidia yote akabaki mfungwa wa chuki, akihesabu kila usiku jina la aliyemkosea. Kristo anataka tuwe huru na gereza hilo.

Lakini kusamehe si kufuta kesi. Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Tarehe 27 Desemba 1983 alikwenda gerezani kukutana na Mehmet Ali Ağca, aliyempiga, akaketi naye na kuzungumza naye kama ndugu. Msamaha ulikuwa wa kweli. Na mtu yule akabaki gerezani nchini Italia hadi mwaka 2000. Mambo hayo mawili hayakupingana. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 2002, Baba Mtakatifu huyo alifundisha kwamba amani haipatikani pasipo haki, wala haki haikamiliki pasipo msamaha. Anayeleta msamaha pasipo haki humdhihaki maskini. Anayeleta haki pasipo msamaha huandaa ugomvi mwingine.

TUFANYE NINI?

Mashauri yetu kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kwa Kamati za Haki na Amani ni haya.

La kwanza, tusimwambie mtu yeyote amwachie Mungu kabla hatujajua nani amechukua nini, na kama aliyechukua ameombwa kurudisha. Tukishajua, tumsindikize. Mjane akienda peke yake mbele ya baraza la ardhi la kijiji huonekana msumbufu. Akienda na majirani wanne, hata kama wawili ni Waislamu na wawili Wakristo, huonekana kuwa na kesi. Katika pwani yetu, ambapo wengi ni ndugu zetu Waislamu, kazi ya haki haitaweza kufanywa na dini moja peke yake.

La pili, tuanze kuachia ndani ya nyumba yetu. Ndugu wa marehemu aliyechukua cherehani, mabati na baiskeli ya mjane arudishe kabla hajaja kupakwa majivu. Aliyesogeza mpaka wa shamba usogee mpaka. Mwenyekiti aliyeishika jumuiya miaka mingi hata vijana wakasahau kwamba uongozi hugombewa, na aliyeweka funguo za kabati la parokia mfukoni kana kwamba ni urithi wa baba yake, ajiulize anamtumikia nani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 401, inamtaka hata Askofu wa jimbo atoe ombi la kujiuzulu atimizapo miaka 75. Ikiwa mchungaji wa jimbo zima huachia fimbo, sisi wa kiti cha plastiki tunashikilia nini?

La tatu, viongozi wa vijiji walio waamini waachie habari. Mkutano mkuu wa kijiji ni haki ya wananchi, na mapato na matumizi husomwa kwa sauti, si kwa kunong'onezana. Tetesi nyingi zilizowasha moto katika mkoa huu zililelewa na ukimya wa wenye kujua. Siri ya hesabu ya umma ni mali ya watu iliyofichwa.

La nne, kila familia ichague kitu kimoja halisi cha kuacha, na faida yake ionekane kwa mtu mwingine. Baba aliyeacha kikombe cha pombe lakini fedha yake ikabaki mfukoni amebadilisha ratiba tu. Mvuvi aliyeachana na baruti ameacha mapato ya siku moja ili matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, iliyotangazwa pamoja na mdomo wa Ruvuma kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000, yawalishe wajukuu wake. Huyo amefunga vema kuliko wengi, na jumuiya imsaidie apate wavu halali, asije akafunga peke yake.

La tano, tusali kila jioni tukiitaja mikono yetu mbele ya Mungu: leo imeshika nini isichostahili kushika, na imenyang'anywa nini ambacho yapaswa ikidai?

Wapendwa, kila mmoja wetu ataacha vyote siku moja, kwa kuwa sanda haina mfuko. Siku hiyo shamba, cheo na hata kesi tuliyoshinda vitabaki upande huu. Heri yule atakayekuwa amekwisha kujizoeza, aliyerudisha cha watu mapema, aliyedai chake bila chuki, na ambaye mikono yake, ikifunguliwa, haitaonekana na kitu cha mwenzake. Huyo ndiye aliyemwachia Mungu kweli.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.